Wanawake Wanahimizwa Kuomba

Karibu kila tangazo la shahada ya uzamili ya mazingira ninalokutana nalo siku hizi lina mstari uleule mwishoni: wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Mimi naupenda mstari huo. Kuna watu wasingethubutu kujaza fomu bila hiyo karibu. Ila hautuambii chochote kuhusu siku ya pili, mtu akishadahiliwa, akapewa kitambulisho na kuketi darasani.

Nilisoma shahada hiyo jioni, nikitoka chumba cha habari. Darasa letu lingefaa kabisa kwa picha ya kalenda ya chuo: wanawake karibu nusu, wenzetu wawili kutoka jamii za wafugaji, dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Basi safari ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo ikawa ya kwenye mikoko, njia nzima tope. Yule dada akaambiwa abaki, ataandika ripoti kwa kusoma vitabu. Ada alilipa kama sisi, lakini mikoko aliiona kwenye simu zetu.

Alikuwepo pia mwenzetu kutoka mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, Paje na Jambiani vikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake. Yeye alikulia humo. Alijua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma, maana mwani huhudumiwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Darasani mambo hayohayo yalifundishwa kwa Kiingereza, naye alikaa kimya akiandika. Ukimtazama ungedhani ndiyo kwanza anasikia habari za bahari.

Jioni moja tulijadili kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ambayo hufa kwenye maji ya kina kifupi joto linapozidi. Suluhisho kwenye slaidi lilikuwa kuihamishia kwenye kina kirefu, kwenye maji yenye ubaridi. Wengi tukaafiki. Yeye akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, naomba niseme kwa Kiswahili."

Akaruhusiwa.

"Mama yangu analima mwani tangu mimi mdogo. Maji yakimfika kifuani, anarudi. Hajui kuogelea, na wenzake wengi hawajui. Sasa huko kwenye kina ataenda nani? Wenye vyombo. Na wenye vyombo ni wanaume."

Hakuna aliyejibu haraka. Suluhisho letu, kama lilivyokuwa kwenye slaidi, lingetoa kipato mikononi mwa wanawake na kukitia mikononi mwa waume na kaka zao, nasi tungeliita kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Kulima kwenye kina inawezekana, lakini bajeti yake lazima iwe na mafunzo ya kuogelea na vyombo vya wanawake wenyewe. Hesabu hiyo haikuwa imemjia yeyote kati yetu, pamoja na makala zote tulizosoma.

Ndiyo maana nachoka ninaposikia ujumuishi ukizungumzwa kama sadaka. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, lakini Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977 ilitokana na vilio vya wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, vijito vinakauka. Usomi wake ulipata kazi kwa sababu alikubali kuwasikiliza.

Mwenzetu alihitimu. Alama zake zilishuka kwa sababu ya Kiingereza. Tasnifu yake kuhusu kijiji chake ipo maktaba. Majirani zake wamo humo, kila mmoja na namba yake ya mhojiwa, na sidhani kama kuna hata mmoja anayeweza kuisoma.

Hayo yote yanarekebishika. Gharama za safari za mafunzo ziingizwe kwenye ufadhili, na maeneo yachaguliwe kwa kuzingatia nani atayafikia. Kila tasnifu iwe na muhtasari wa Kiswahili, urudishwe kijijini usomwe mbele ya watu. Na mwanafunzi anayeuliza swali kwa Kiswahili asianze kwa kuomba samahani.