Baba Alipopotewa na Maneno

Si desturi yetu kuleta mambo ya chumbani katika kurasa ambazo wasomaji huzifungua kutafuta sarufi na fasihi. Lakini yaliyotupata nyumbani kwetu Giheta yaligusa lugha yenyewe, na sisi wawili, mume na mke, sote walimu wa Kiswahili, tumeona tusiyafiche.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwaka 2021. Baba alikuwa amekaa barazani, kikombe cha uji mkononi. Kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, na tulipomwuliza ana nini alitujibu kwa sauti isiyokuwa na neno ndani yake. Tukamlaza, tukamnywesha maji, akapaliwa. Leo twajua kwamba aliyepatwa na kiharusi hapewi maji wala chakula mpaka ihakikishwe kuwa aweza kumeza. Asubuhi ile hatukujua. Muda mwingine ulipotea katika kutafuta gari, na maradhi haya hayangoji: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo, tena baada ya kichwa kupigwa picha ionekane kama mshipa umeziba au umepasuka. Sisi tulifika tumechelewa.

Baba alirudi nyumbani baada ya majuma matatu. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na kinywani hamkuwa na neno hata moja. Wageni huja Giheta kusikiliza ngoma za kilima cha Gishora. Sisi mwaka ule tulikuwa tukitega masikio kwenye kitanda kimoja. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya mgongo. Tulifundishwa kuunyosha mkono wake taratibu bila kuuvuta, maana bega lililolegea huteguka upesi. Kazi hiyo tulizoea kuifanya kwa kuhesabu.

Katika kuhesabu huko ndiko lilikotokea jambo. Tulikuwa tumefika tatu, na kabla hatujaendelea Baba akasema: “Nne.” Kisha tano, kisha sita, mpaka kumi, wazi kabisa, kwa Kiswahili. Juma lililofuata alisema “bado”, halafu “twende”.

Yafaa tueleze kwamba Baba ni Mrundi wa vilima hivi hivi, na Kirundi ndiyo lugha aliyonyonya. Lakini tangu ujana wake alikuwa utingo, baadaye dereva, wa malori yaliyopita Muyinga na mpaka wa Kobero kuelekea Kahama na Dar es Salaam. Kiswahili alikipata njiani, kwa kuhesabu magunia na kubishana na mafundi. Nyumbani hakukitumia sana, kwa sababu Mama hajui Kiswahili ila salamu na bei za sokoni.

Nasi tulifurahi, na furaha ile sasa yatuaibisha. Tuliwasimulia wenzetu shuleni kwamba Kiswahili ndicho kilichomfufua mzee, kana kwamba tumeshinda mashindano. Hatukumtazama Mama aliyekuwa amesimama mlangoni. Jioni moja alituuliza kwa Kirundi: “Miaka arobaini na mitatu nimekaa na mtu huyu. Leo nahitaji mkalimani?” Hatukuwa na jibu.

Kosa la pili lilikuwa la kiualimu hasa. Baba alipoweza kuunga maneno mawili matatu, alisema siku moja kwa jitihada kubwa, jasho likimtoka: “Gari yangu wapi?” Mmoja wetu (hatutasema ni nani) akamjibu upesi: “Gari langu, Baba. Gari langu liko wapi.” Baba alitutazama, akageukia ukutani. Hakusema neno kwa siku nne. Wasomaji wanajua upatanisho wa kisarufi ni jambo tunalolipigania kila siku darasani. Siku zile nne tungelitoa lote ili tulisikie tena kosa lile.

Ndipo tulipoanza kusoma habari za maradhi haya, ambayo mabingwa huyaita afasia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akitamka silabi moja tu, “tan”, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipokufa jeraha lilionekana mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo huo huongoza mkono wa kulia, basi tukaelewa kwa nini kwa Baba mkono na ulimi vililala pamoja. Kuhusu wajuao lugha nyingi, Théodule Ribot alishikilia kuwa ya utotoni hudumu kuliko zote. Albert Pitres mwaka 1895 akasema hutangulia ile iliyozoewa zaidi. Madaktari wa baadaye wamewaona wagonjwa wengi ambao lugha zao hurudi sambamba. Tulimweleza Mama haya yote, akasikiliza kwa adabu, akaenda kumbembeleza mjukuu aliyekuwa akilia.

Alimwimbia kihozo, wimbo wa kulaza watoto ambao alikuwa amewaimbia watoto wake wote. Alipokatiza ubeti ili avute pumzi, sauti ya Baba kitandani iliumalizia, kwa Kirundi, maneno yote yakiwa mahali pake. Mama hakugeuka. Aliendelea na ubeti wa pili, akaukatiza makusudi. Huko Boston tangu mwaka 1973 kuna matibabu ya kuwafundisha wagonjwa kama hawa kusema kwa kuimba; Mama hakuwa amesoma popote.

Sasa Baba hutembea kwa mkongojo hadi barabarani. Sentensi yake huanza kwa Kirundi ikaishia kwa Kiswahili, au kinyume chake, na gari bado ni “gari yangu”. Zamu ya kuunyosha mkono wakati wa asubuhi ameichukua Mama. Huhesabu kwa Kiswahili, kwa kuwa Baba ndivyo apendavyo, na kila afikapo saba huruka nane, na Baba humsahihisha.