Tembo wamekula ada yangu

Najua nimekuwa kimya, karibu wiki tatu sijaandika kitu hapa. Wengine mmenitumia ujumbe mkidhani nimedisco, teh teh teh! Bado nipo. Ila tuko kwenye msimu wa testi, na juzi nimepata habari ya nyumbani ambayo imegoma kutoka kichwani. Bora niiandike, labda nitalala.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu inalia, natazama, mzee. Jamani, simu ya mzazi alfajiri huwa haina salamu nzuri ndani yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umelala?"

"Hapana, nasoma." (Uongo mtupu.)

"Sawa. Wale jamaa wamepita usiku."

Kwetu ukiambiwa "wale jamaa" huulizi ni kina nani. Tembo. Wamepita kwenye mahindi, ekari tatu, yakiwa yameshabeba. Mzee hakulalamika. Aliniambia tu kwamba ile laki nne ya kumalizia ada, ambayo tulikubaliana itatoka kwenye mahindi, nimpe muda afikirie. Halafu akaniuliza kama nimekula. Saa kumi na moja alfajiri ananiuliza kama nimekula! Nikajibu ndiyo, akakata.

Kwa wasiojua kwetu: Singida siyo kuku na alizeti tu. Ukifika Manyoni ukaenda Itigi, kisha ukaishika barabara ya kusini inayoelekea Rungwa na kuendelea hadi Makongolosi na Mbeya, unapita vichaka vya Itigi, vichaka vimeshonana hata mbuzi anapiga hodi. Baada ya hapo ni pori. Pori la Akiba la Rungwa lina kama kilomita za mraba 9,000. Unguja nzima haifiki 1,700, kwa hiyo unaweza kuipanga mle ndani mara tano na nafasi ikabaki. Pembeni yake kuna Kizigo na Muhesi, na kwa kusini yanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kijiji chetu kiko pembezoni mwa hayo yote. Sitakitaja jina maana wengine mtaanza kuniita kwa hilo jina hapa chuoni.

Sasa huyu rumeti wangu, kijana wa Tanga, alikuwa ameamka anasikiliza. Akaniuliza swali moja la kijinga, ambalo baadaye nimeona halikuwa la kijinga hata kidogo: "Kwani hilo pori huwa haliwalipi?"

Nikaanza kumjibu haraka haraka, nikakwama katikati. Maana malipo yapo, tena ya aina mbili, na zote mbili zina kasoro ambayo sikuwahi kuitazama vizuri.

La kwanza ni kifuta jasho. Hili anapewa mtu mmoja mmoja, na lenyewe serikali imeshasema siyo fidia, ni pole. Kanuni zilitoka 2011. Zilipotoka, ekari moja ya mazao ilianzia shilingi 25,000 na kupanda hadi 100,000, mwisho ekari tano. Na ukubwa wa pole unategemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: walio mbali zaidi ya kilomita tano ndio waliokuwa wa laki, wa karibu wanapata kidogo, na walio ndani ya mita 500 hawapati kitu. Baadaye viwango vimepandishwa. Mantiki naielewa, wanataka watu wasilime puani kwa tembo. Lakini mzee wangu hakuhamia pale kumtafuta tembo. Alirithi shamba kwa babu. Siku ile kulipokucha alitembea kutoka bikoni ya mpaka akihesabu hatua, akanipigia tena: "Ni mia saba na kitu." Yaani yuko kwenye kundi la chini kabisa. Mtu ambaye tembo anaanzia kwake ndiye anayepewa pole ndogo kuliko wote.

La pili ndilo hasa ninalotaka kulisema leo. Hili haliendi kwa mtu, linaenda halmashauri. Tangu miaka ya 1990 kuna utaratibu kwamba mwindaji wa kitalii akimpiga nyati au chui, analipa ada ya mnyama yule, na asilimia 25 ya ada hiyo inarudi halmashauri ya wilaya alikowindwa, ili na vijiji jirani vione faida. Kwetu tulikuwa tunaita tu "hela za wanyama". Mimi nimesoma darasa la kwanza hadi la tatu kwenye chumba kilichojengwa na hela za wanyama, sakafu ya saruji, bati, madirisha ya nondo. Kwa kweli tuliringa nacho. Watoto wa kijiji cha pili walikuwa wanakuja kukichungulia.

Halafu 2013 likaanza boma la chumba cha pili. Wazazi walisomba mawe na mchanga, mama zetu walibeba maji kichwani, sisi watoto tukapanga matofali. Ukuta ukapanda hadi usawa wa linta. Pale pale ukasimama.

Nilikuwa mdogo lakini mkutano wa kijiji wa mwaka uliofuata naukumbuka, maana tulikaa juu ya mwembe tukisikiliza. Mtu mmoja aliuliza hela za wanyama ziko wapi. Mwenyekiti akajibu kwa upole kwamba mwaka huu wawindaji wamepungua. Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Wawindaji wamepungua, tembo je, wamepungua shambani kwangu?" Watu wakacheka hadi mkutano ukaharibika.

Sasa nimekua na nimesoma kidogo, naona yule mzee alikuwa amesema jambo lote. Miaka ile ujangili ulikuwa umechachamaa, tembo wa Ruaha na Rungwa waliuawa vibaya sana. Aprili 2014 Marekani ikasimamisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania. Mwindaji wa Texas ambaye hawezi kurudi na pembe zake nyumbani anakuja kufanya nini? Mwaka 2020 ikaja korona, ndege zikasimama, wageni hawakuja. Kila kitu kati ya hivyo kilitokea mbali sana na kijiji chetu, Washington huko na Wuhan, na kila kimoja kinapunguza hela inayojenga darasa kijijini. Lakini pori halikupungua hata hekta moja. Mpaka uko pale pale. Hatulimi mle, hatuchungi mle, asali ya mle huchukui bila kibali. Ardhi haikwenda likizo hata siku moja, malipo ndiyo yaliyokwenda likizo.

Ndipo kosa lilipo, wadau. Tunalipwa kwa mnyama aliyepigwa risasi. Hatulipwi kwa ardhi iliyofungwa.

Fikirieni halmashauri inaishi kwa nini. Inaishi kwa ushuru wa mazao (tangu 2017 ni asilimia tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa ya chakula), leseni, ushuru wa soko. Wilaya yenye mashamba matupu kila upande inakusanya kwenye korosho, alizeti, tumbaku. Wilaya ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni pori, pale kwenye pori haikusanyi ushuru wa hata debe moja. Watoto ni wale wale, zahanati inatakiwa ile ile, barabara ndiyo ndefu zaidi. Na sisi wenyewe tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, hata kibanda cha mzee chenye taa tatu kinakatwa. Kibanda kinalipa, pori la kilomita 9,000 halilipi.

Kwenye somo letu la fedha za umma nimekuta wenzetu Marekani walishalipigia hesabu hili. Kule kaunti zinaishi kwa kodi ya ardhi, na ardhi ya serikali kuu haitozwi kodi. Kaunti zenye misitu na hifadhi kubwa zikalalamika kwamba zimebaki na shule na barabara bila wa kulipa. Basi mwaka 1976 Bunge lao likapitisha sheria ya serikali kuu kuzilipa kaunti hizo badala ya ile kodi, na hesabu yake inaangalia ekari zilizoko. Ekari, siyo idadi ya wageni. Nako hawajamaliza matatizo, maana kiasi kinategemea Bunge litakavyotenga, na kuna ubishi kila mara. Lakini angalau wamekubaliana kinacholipiwa ni nini.

Na msije mkasema hayo ni ya wazungu. Sisi wenyewe kodi ya maendeleo ilipofutwa 2003, halmashauri zilipoteza mapato, na Serikali Kuu ikaanza kuzipa ruzuku ya kufidia pengo. Wazo ni lile lile: nimekuondolea chanzo chako kwa faida ya nchi nzima, basi nakuzibia. Kwa nini pori lisihesabiwe hivyo?

Nilipomweleza rumeti akanipinga kweli kweli, na nampa haki yake. Hoja ya kwanza: kwa sheria za ardhi za 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na ardhi ya hifadhi siyo ardhi ya kijiji. Utadaije kodi ya nyumba isiyo yako? Nikamwambia sidai kodi ya pango. Nasema mzigo wa kukaa jirani na pori umebebwa na vijiji vichache, faida inakwenda mbali. Mto Kizigo unashuka hadi bwawa la Mtera, na Mtera inatoa umeme unaochaji simu yako wewe hapa Dodoma ukichati hadi saa nane usiku. Akacheka.

Hoja ya pili ilikuwa ngumu zaidi: "Hata wakiwalipa kwa hekta, hela si itaishia njiani?" Hapo sikuwa na jibu la haraka. Nimelala nalo. Nadhani malipo ya kudumu ndiyo rahisi kuyafuatilia. Hela za mwindaji hakuna mwanakijiji anayejua mwaka huu zilipaswa kuwa ngapi, kwa hiyo ukiambiwa "zimepungua" huna la kusema. Lakini ikiwa ni hekta kadhaa mara shilingi kadhaa, hata mtoto wa darasa la nne anapiga hesabu ubaoni. Nimejaribu: tuseme shilingi 500 kwa hekta, hela ya andazi na chai ya rangi. Rungwa ni kama hekta 900,000. Inakuja shilingi milioni 450 kwa mwaka, zigawanywe kwa halmashauri zinazopakana nalo. Ikibandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, mwenyekiti hatapata pa kujificha, na yule mwenyekiti mwaminifu naye hatachekwa kwa kosa lisilo lake.

Sina chuki na tembo jamani, msinielewe vibaya. Babu alikuwa mrina asali na alituambia pori likiisha na mvua itatuaga. Namwamini. Nataka tu gharama ya kulitunza isitoke kwenye mahindi ya mzee peke yake.

Jana jioni mama kapiga. Kasema mzee ameuza mbuzi wawili, atanitumia kiasi, kingine nijitahidi huku. Nikamwambia wasiuze tena, nimepata kazi ya kuchapa ripoti za watu pale stationari, nitapunguza kidogo kidogo. Kisha nikamuuliza, sijui kwa nini, lile boma bado lipo?

"Lipo," akasema. "Mbuzi waliobaki ndimo wanamolala."

Haya wadau, kesho saa mbili nina testi na sijagusa desa. Nyie wa Ngorongoro, Mikumi, Serengeti na kwingineko mnaokaa na hifadhi mlangoni, niandikieni: kwenu mnalipwa kwa nini? Tuko pamoja. Alamsiki.