Fremu za Mjomba Kabla ya Vuli

Kule Mwingi, katika Kitui, kiangazi kilikuwa kikiondoka na nyuki. Mito ilibaki mchanga mtupu, migunga ikakosa maua, na makundi yaliyokosa maji na chakula yakahama. Nyuma yao waliingia nondo wa nta. Tulipofunua mizinga ya mjomba mwezi wa Oktoba, tulikuta masega meusi yamefungwa utando, na viwavi wametoboa mbao ili kujijengea vifuko vyao.

Mizinga yake ilikuwa ya Langstroth, ile ya masanduku, na kila fremu ilimgharimu fundi na mbao. Haikutupwa hata moja kabla ya kukaguliwa, wala haikuoshwa hata moja kabla ya kukaguliwa.

Mjomba alianza kwa kunusa. Uharibifu wa nondo ulisafishika. Lakini sega lenye majana yaliyooza na kutoa harufu mbaya lilikwenda shimoni pamoja na fremu yake, likachomwa moto, majivu yakafukiwa. Nilipomsihi aibakize fremu iliyoonekana nzima, alinijibu: “Mjomba, mbao nitanunua. Mizinga yote ikiugua, nitanunua nini?”

Hakungoja kujua jina la ugonjwa, na alifanya vyema. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kuna bakteria wa kuozesha majana ambaye vijimbegu vyake hukaa hai kwa miongo kadhaa ndani ya mbao na masega, na kuchemsha kwa kawaida hakutoshi kuviangamiza.

Zilizosalimika tulizikwangua nta na gundi ya nyuki, hasa pembeni, maana fremu isiyokaa sawa huharibu mwanya wa milimita 6 hadi 9 ambao nyuki huuacha wapite. Kisha zikazamishwa katika nusu pipa la maji ya magadi yanayotokota. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, nayo ilipanda juu ikaelea. Kazi hiyo ilifanyika uwanjani, na watoto tulisimama mbali, kwa kuwa maji yale huunguza ngozi na macho. Nta yenyewe hakuiyeyusha kamwe bila maji, kwani hulipuka moto upesi.

Zikasuuzwa, zikaanikwa, zikafungwa waya mpya na kupakwa nta safi kidogo ya kuwaita nyuki.

Nawe mfugaji mwenzangu, usipulizie fremu zako dawa ya wadudu. Nta hunyonya sumu na kukaa nayo. Kwangua, chemsha, suuza, anika. Unayoishuku kuwa na ugonjwa, ichome bila kuihurumia.