Maua ya Januari huko Kalmthout

Tukisikia habari za baridi ya Ulaya, wengi wetu hufikiria miti mikavu na theluji tu. Nami nilifikiri hivyo hadi mwezi mmoja wa Januari, nilipokwenda Antwerp, Ubelgiji, kukaa na mdogo wangu aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza. Kwa majuma mawili hakutoka nje. Asubuhi moja nikamwambia, "Vaa koti, mdogo wangu, twende tukatembee."

Tulipanda treni hadi Kalmthout, karibu na mpaka wa Uholanzi. Pale ipo bustani ya miti iliyoanza mwaka 1856. Baadaye iliachwa ikaota magugu, mpaka ndugu wawili, Georges na Robert de Belder, walipoinunua mwaka 1952. Robert na mkewe Jelena waliifufua. Sifa yake kubwa leo ni vichaka viitwavyo hamamelisi. Jelena alifariki mwaka 2003, lakini aina moja yenye maua ya rangi ya shaba ina jina lake. Nyingine, nyekundu, ina jina la binti yao, Diane.

Harufu ilitufikia kabla hatujaona kitu: tamu, kama asali iliyotiwa viungo kidogo. Kisha tukayaona maua ya manjano kwenye matawi yasiyo na jani hata moja. Kila ua lina petali nne nyembamba kama utepe. Mtunza bustani alitueleza kwamba baridi ikizidi, petali hujikunja. Jua likirudi, hujikunjua tena.

Mdogo wangu alisimama kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, kumbe kujikunja si kufa." Akalia, nami nikalia naye. Nilimshukuru Mungu kwa machozi yale.

Msimu wa majani kupukutika ulipofika, alipanda mche mmoja nyuma ya nyumba yake. Msomaji uishiye nchi za baridi waweza kufanya vivyo hivyo. Chagua mahali penye jua, udongo usiotuamisha maji wala kukauka kabisa, na usio na chokaa nyingi. Funika shina kwa majani yaliyooza, na umwagilie wakati wa kiangazi. Miche mingi imebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, hivyo kata machipukizi yote yatokayo chini ya kiungo. Usikipogoe ovyo, maana hukua polepole. Acha nafasi, kwa kuwa huweza kufikia meta nne. Kwetu pwani hakitafaa, kwani huhitaji majira ya baridi.

Januari iliyofuata mdogo wangu alinipigia simu. "Dada, yamechanua matatu tu," akasema, "lakini nimefungua dirisha ili harufu iingie."