Andika, Lakini Usiweke Jina Langu

Januari 2019, msichana wa miaka 15 aliyejiunga na Kidato cha Kwanza katika shule ya Olympic, Kibera, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya dredi zake. Alikuwa amezifunika kwa kilemba. Familia yao ni Warasta; akaambiwa anyoe kwanza. Babake akaenda Mahakama Kuu, ikatoa amri mtoto arudi darasani kesi ikiendelea. Septemba 13 mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni dini kama dini zingine, na kwamba shule haiwezi kumfukuza msichana huyo kwa nywele ambazo ni sehemu ya imani yake.

Watu wakiikumbuka kesi hiyo wanakumbuka Septemba. Mimi huwa nafikiria ile miezi ya katikati. Kila asubuhi unavaa yunifomu, unapita kwenye lango la shule ambayo mzazi wako ameishtaki. Jaji hayuko kwa gwaride. Hayuko kwa foleni ya chakula. Uko peke yako na walimu walewale.

Naifikiria kwa sababu ya jirani yangu. Naishi Kawangware, ng'ambo ile nyingine ya Ngong Road, kwenye ploti ambayo watu wake wanaamini nilisomea sheria. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na sheria sikuwahi kuigusa, lakini niko na laptopu na naandika kulipa kodi. Kwa hivyo barua ya chifu, ya landilodi, ya kuomba kazi, zote huishia kwangu. Malipo mara nyingi ni sukumawiki.

Jirani huyo ni Mkorino. Bintiye yuko Gredi ya Sita katika shule ya serikali na huvaa kilemba cheupe kama cha mamake. Mwalimu mmoja alikuwa amemwambia asirudi na "hicho kitambaa". Mtoto alikuwa nyumbani siku ya tatu.

"Andika, kijana wangu," mama akaniambia. "Lakini usiweke jina langu. Watamwekea mtoto alama."

Semina za haki hapa mtaani huwa na soda na fulana, na kazi yake kubwa ni kuwaambia wazazi kwamba watoto wao wana haki. Huyu mama alijua hayo kabla ya soda. Alichokuwa akipiga hesabu ni gharama, na hesabu yake ilikuwa sawa. Unayemripoti ndiye anayeshika kalamu nyekundu, na mtoto wako anashinda naye kutwa nzima.

Nikamuuliza, "Mama, kwani kuna vilemba vingapi Gredi ya Sita?"

Akafikiria. "Kimoja."

Tulicheka mpaka machozi. Jina likawekwa.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Nilitaja Kifungu cha 32 cha Katiba, kinachosema mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Nikataja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayokataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa misingi ya dini, kabila, ulemavu, lugha na mengineyo. Halafu ile kesi ya Kibera. Chini kabisa nikaandika nakala ziende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman. Kulalamika huko ni bure.

Tulichapisha nakala nne kwa saiba, moja ikiwa ya kubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri. Kwa uzoefu wangu, muhuri ndio barua yenyewe. Bila muhuri ulipiga stori tu.

"Acha hapo nitampea," sekretari akasema.

"Nangoja," mama akajibu, akasimama pale na kilemba chake. Nadhani ilikuwa dakika 40. Mwalimu mkuu alipotoka aliisoma akiwa amesimama, haraka haraka, mpaka akafika kwenye zile nakala. Hapo akapunguza mwendo.

"Sasa mama, mbona mambo yafike huku? Si ungekuja tu tuongee?"

"Nimekuja mara mbili, mwalimu. Niliambiwa uko kwa mkutano."

Muhuri ukagongwa. Siku iliyofuata mtoto akarudi, kilemba kichwani, na hakuna aliyemwambia kitu.

Hakuna aliyemwambia kitu kabisa. Yule mwalimu akiuliza swali na msichana ainue mkono, anarukwa. Daftari lake linasahihishwa la mwisho, au linabaki mezani. Mama ameniuliza kama hilo nalo lina kifungu. Tumenunua daftari la shilingi 20, na msichana mwenyewe ndiye anaandika: tarehe, somo, mkono uliinuliwa mara ngapi. Kufikia Ijumaa alikuwa amejaza kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.