Palermo: Mji unaojulikana kwa kuonja

Tembea uone, walisema wahenga. Lakini msomaji, iko miji ambayo macho peke yake hayatoshi kuijua. Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily huko kusini mwa Italia, ni mmoja wao. Ukitaka kuujua vyema, usianze na makanisa wala majumba ya wafalme. Amka asubuhi, usile kitu, vaa viatu vya kutembelea, kisha jiunge na kikundi kidogo cha wageni wanaomfuata kiongozi mzaliwa wa mji. Kwa muda wa saa tatu au nne mtapita sokoni kwa miguu, mkisimama hapa na pale kuonja vyakula vya mtaani. Kufikia adhuhuri utakuwa umeshiba, na mengi ambayo hukuyajua utakuwa umeyajua.

Hata kabla ya kuonja chochote, mji huu huanza kukusimulia habari zake. Uwanja wake wa ndege, ulio kilomita kama 35 magharibi mwa mji, unaitwa Falcone na Borsellino. Hao walikuwa mahakimu wawili, wazaliwa wa Palermo, waliopambana na kundi la wahalifu liitwalo Mafia. Wote wawili waliuawa kwa mabomu mwaka wa 1992, wa kwanza mwezi Mei na wa pili mwezi Julai. Liweke jina hilo akilini, maana tutalirudia kabla hatujaagana.

Malindi yatajwa Palermo

Matembezi mengi huanzia karibu na Teatro Massimo, jumba kubwa la michezo ya kuigiza lililofunguliwa mwaka wa 1897. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi lango la kale liitwalo Porta Carini, na ukilipita tu umeingia katika soko la Capo.

Huko utaona njia nyembamba, maturubai mekundu juu ya meza, samaki wakubwa juu ya barafu, na wauzaji wanaopaza sauti kama makanga wa matatu. Mkenya aliyezoea soko la Marikiti hatashangaa sana. Atakalolishangaa ni harufu: ndimu, zafarani, simsim iliyokaangwa na mizeituni, vyote kwa pamoja.

Harufu hiyo ina asili yake. Majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yaliuteka mji wa Palermo mwaka wa 831, na Waislamu wakautawala hadi mwaka wa 1072 ulipotekwa na Wanormani. Katika miaka hiyo zaidi ya 200 walileta ujuzi wa kunyunyizia mashamba maji, pamoja na kilimo cha miwa na malimau. Wafalme wa Kinormani waliowafuata hawakuwafukuza wasomi wao. Mfalme Roger wa Pili alimpa kazi mwanajiografia Mwarabu, al-Idrisi, aandike kitabu cha kueleza dunia yote iliyojulikana wakati huo. Kitabu hicho, pamoja na ramani yake, kilimalizika mwaka wa 1154.

Ndugu msomaji, ndani ya kitabu hicho Malindi na Mombasa zimetajwa. Karibu miaka 350 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka wa 1498, msomi wa mfalme wa Palermo alikuwa amekwisha kuandika habari za pwani yetu. Kwa hivyo usiingie mji huu ukijihesabu mgeni kabisa.

Al-Idrisi huyo huyo aliandika pia kwamba katika kijiji cha Trabia, mashariki mwa Palermo, watu walitengeneza tambi nyingi na kuzipakia merikebuni kupelekwa nchi nyingine. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba tambi zililetwa Italia na Marco Polo kutoka Uchina. Marco Polo alizaliwa mwaka wa 1254, miaka mia moja baada ya kitabu hicho kumalizika.

Bhajia za Sicily

Kituo cha kwanza cha kuonja huwa panelle. Ukizionja utafikiri umerudi Mombasa, kwa maana hutengenezwa kwa unga wa dengu, ndugu wa ule wa bhajia zetu. Unga huo hukorogwa ndani ya maji na chumvi, ukapikwa motoni huku ukisongwa kwa mwiko wa mti kama ugali, mpaka uwe mzito. Hutiwa majani ya kijani yaliyokatwakatwa, ukatandazwa ukapoa, ukakatwa vipande vyembamba, kisha vikakaangwa. Vipande hivyo hutiwa ndani ya mkate wenye simsim juu yake na kukamuliwa ndimu. Hicho ndicho chakula cha mchana cha mwanafunzi na cha fundi wa ujenzi. Hakina nyama, na bei yake ni nafuu.

Baada ya hapo utapewa arancina, yaani tonge la wali wenye zafarani lililotiwa nyama ya kusaga katikati, likaviringwa kama chungwa dogo na kukaangwa. Jina lenyewe maana yake ni chungwa dogo. Tahadhari usilitaje kwa umbo la kiume, arancino, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya watu wa Catania, upande wa pili wa kisiwa, na ubishi utakaozuka hautakwisha leo.

Tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lucia, wenyeji hawali mkate wala tambi. Hula arancina, na pia ngano nzima iliyochemshwa iitwayo cuccìa. Wazee husimulia kwamba katika mwaka wa njaa, 1646, merikebu ya ngano iliingia bandarini siku hiyo, na watu walikuwa na njaa kiasi kwamba hawakuweza kungoja isagwe. Waliichemsha vivyo hivyo, punje kwa punje. Mpaka leo wajukuu wao huila siku hiyo kwa kumbukumbu.

Maneno yaliyosafiri

Kutoka Capo mtaifuata barabara ya Via Maqueda hadi njia panda maarufu ya Quattro Canti, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 17, kisha mtateremka kuingia soko la Ballarò. Njiani huenda mkapishana na kijigari cha magurudumu matatu, ndugu wa tuktuk zetu, kikitangaza biashara kwa kipaza sauti. Hicho huuza sfincione, mkate mnene laini wenye nyanya, vitunguu, jibini na samaki wadogo wa chumvi.

Ndani ya Ballarò tega sikio. Sukari kwao ni zucchero. Limau ni limone. Zafarani ni zafferano. Na ile zabibu tamu yenye harufu nzuri wanaiita zibibbo. Maneno hayo yalitoka kwa Waarabu yakaenda pande mbili: mengine yalipanda majahazi ya Bahari ya Hindi yakatufikia sisi, mengine yakavuka Bahari ya Kati yakawafikia wao. Ukiyasikia katika kinywa cha mama anayeuza mboga huko Sicily, utatabasamu bila kutaka.

Humo humo utaonja samaki wadogo waliojazwa makombo ya mkate na zabibu kavu, waitwao sarde a beccafico. Beccafico ni ndege mdogo ambaye matajiri walimla kwa anasa. Wapishi wa maskini hawakuweza kumpata ndege huyo, wakachukua samaki wa bei ya chini, wakamjaza na kumlaza sahanini kama ndege. Ndege wa matajiri siku hizi hawapikwi tena, bali samaki wa maskini bado yupo kwenye kila meza.

Mwali au mke wa mtu?

Sasa tumefika mahali ambapo wageni wengi hurudi nyuma. Kuna mkate uitwao pani ca meusa, na ndani yake mna wengu na mapafu ya ndama. Nyama hiyo huchemshwa kwanza, ikakatwa vipande vyembamba, kisha ikapashwa moto ndani ya sufuria pana la mafuta. Muuzaji atakuuliza kama unautaka mkate “mwali” au “aliyeolewa”. Usidhani anakuposa! Mwali ni mkate wenye ndimu peke yake, na aliyeolewa ni ule ulioongezwa jibini.

Wenyeji husimulia kwamba chakula hiki kilianzishwa na wachinjaji wa Kiyahudi wa Palermo katika enzi za kati. Inasemekana dini yao haikuwaruhusu kupokea fedha kwa kazi ya kuchinja, hivyo walilipwa kwa matumbo, wengu na mapafu, wakavipika na kuviuza. Wayahudi walifukuzwa Sicily kwa amri ya mwaka wa 1492, lakini mkate wao ulibaki.

Karibu na hapo moshi mzito utakuonyesha penye stigghiola, utumbo wa mwanakondoo uliozungushwa kwenye vitunguu vya majani na kuchomwa makaani. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kusimama jioni mbele ya jiko la mutura hahitaji kufundishwa jinsi ya kuula.

Hapa pana onyo kwa wasomaji Waislamu. Wengu huo hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hata kama nyama yenyewe ni ya ndama. Vile vile cannolo, kitamu maarufu cha Sicily, kwa desturi huchanganywa mafuta hayo na mvinyo katika unga wake. Mwambie kiongozi mapema, naye atakuongoza kwenye panelle, caponata ya biringanya na barafu ya limau.

Pesa yako inaingia mfuko gani?

Huenda ukaona kibandiko kidogo kwenye mlango wa duka au mkahawa. Usikipite. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Palermo walilazimishwa kulipa pizzo, kodi ya haramu ya Mafia. Mwenye duka hulipa kila mwezi ili duka lisichomwe moto. Nchini kwetu makanga na wenye vibanda wanaotozwa na magenge wanaielewa habari hiyo bila kutafsiriwa.

Mwezi Januari 1991 mwenye kiwanda cha nguo, Libero Grassi, aliandika barua katika gazeti la Palermo akiwaambia wazi wazi wanaomdai kwamba hatalipa. Wafanyabiashara wenzake wengi walimwacha peke yake. Asubuhi ya tarehe 29 Agosti mwaka huo alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake, akafa.

Miaka 13 baadaye, mwaka wa 2004, vijana wachache waliotaka kufungua mkahawa walijiuliza kama nao watalipa. Usiku mmoja walibandika karatasi kote mjini zikisema kwamba umma wote unaolipa pizzo ni umma usio na heshima. Hapo ndipo lilipoanza shirika la Addiopizzo, maana yake kwaheri pizzo. Leo mamia ya wafanyabiashara wametangaza kwamba hawalipi, nao wanunuzi huwaunga mkono kwa kununua kwao. Mwaka wa 2016 hata wageni wenye maduka eneo la Via Maqueda, wengi wao kutoka Bangladesh, walikwenda kuwashtaki waliokuwa wakiwatoza, na washukiwa wakakamatwa. Kama watu waliokwenda ugenini kutafuta riziki walipata ujasiri huo, nani atasema haiwezekani?

Kwa hivyo, kabla ya kulipia matembezi yako, uliza kama vituo vyake ni vya wafanyabiashara wasiolipa pizzo. Yako matembezi yaliyopangwa kwa nia hiyo hasa.

Kabla ya kuondoka

Asubuhi za siku za kazi ndizo bora, kwani soko huwa limechangamka. Julai na Agosti joto ni kali. Onja kidogo kila mahali, usijaze tumbo kituo cha kwanza. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Wauzaji wale wako kazini. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen, basi iombe mapema.

Matembezi yakiishia soko la Vucciria, pembeni yake utaliona kanisa la San Domenico. Ingia. Humo ndimo mwili wa hakimu Giovanni Falcone ulimohamishiwa mwaka wa 2015. Ni yule yule ambaye jina lake ulilisoma ulipotua uwanjani. Simama kidogo, ndipo uende ukale kitamu chako.

Na ukirudi nyumbani, jioni moja utamkuta mama akikaanga viazi karai kando ya barabara. Mlipe pesa yake kamili bila kumkopa. Ukisikia kuna vijana wanaompitia kila jioni kumtoza, usiseme hayakuhusu. Wenzake Libero Grassi walisema hivyo mwaka wa 1991.