Mama Brian Wawili na Somo la Hifadhidata

Wacha niseme kitu ambacho wenzangu wa teknolojia huenda wakanirushia mawe. Kama ndio unaanza kujifunza kuunda hifadhidata, funga kompyuta kwanza. Tafuta kalamu, karatasi na daftari la chama chochote unachokijua. Ukishindwa kulipanga daftari hilo kwa mkono, SQL haitakuokoa. Itakusaidia tu kuharibu mambo kwa kasi zaidi.

Video nyingi za wanaoanza huanza na amri. Andika hiki, bonyeza pale, jedwali hilo hapo, hongera! Unamaliza masaa mawili ukijua kuandika SELECT lakini hujui kwa nini jedwali lako lina safu hizo na si zingine. Ni kama fundi anayefunzwa kupiga plasta kabla hajajua nyumba itakuwa na vyumba vingapi.

Mimi nilifunzwa na chama cha shangazi yangu. Ni akina mama 28, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki. Kuna akiba, kuna mikopo, kuna faini ya kuchelewa. Shangazi alisikia nasoma mambo ya data, akaniambia, "Si basi utupangie hii yetu." Rekodi zao zilikuwa tayari zimehamishwa kutoka kwa daftari hadi kwa Excel, zote kwenye jedwali moja refu: jina, simu, tarehe, kiasi, mkopo, wadhamini, maelezo. Kila kitu ndani, kama githeri.

Sasa, chama hicho kina Mama Brian wawili. Mmoja ana duka la mbao, mwingine ana saluni. Kwenye kikao hakuna anayewachanganya. Kwenye jedwali wote ni "Mama Brian" tu.

Januari ikafika, na karo nayo. Mama Brian wa saluni akaomba mkopo. Sheria yao ni kwamba unaweza kukopa mara tatu ya akiba yako. Alikuwa ametoa wiki 30 bila kukosa, yaani shilingi 15,000, kwa hivyo alistahili hadi 45,000. Jedwali likasema ana 9,000, mwisho wake ni 27,000. Michango 12 haikuonekana. Aki, hapo ndipo watu walianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Maneno yakaanza kunong'onwa kuhusu mweka hazina.

Hakuna mtu aliyekuwa ameiba. Michango hiyo 12 ilikuwa imeandikiwa yule Mama Brian mwingine. Tuliipata kwa sababu mama alikuwa hajafuta jumbe zake za M-Pesa. Kila ujumbe una msimbo wake, na hakuna miamala miwili yenye msimbo mmoja. Tukalinganisha moja baada ya nyingine mpaka zikatimia zote.

Ule msimbo wa M-Pesa ndio somo la kwanza. Katika hifadhidata tunauita ufunguo: kitu kinachotambulisha mstari mmoja na huo pekee. Jina si ufunguo. Namba ya simu pia si ufunguo mzuri, kwa sababu watu hubadilisha laini, na laini iliyokaa bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine. Namba ya kitambulisho je? Hiyo haijirudii, lakini unataka kweli ienee kwenye kila karatasi ya chama? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria, heshima inatosha. Kwa hivyo tukampa kila mama namba ya uanachama, 001 hadi 028. Namba isiyo na maana nyingine yoyote. Ubora wake uko hapo hapo: haina sababu ya kubadilika.

Somo la pili: jambo moja liandikwe mahali pamoja. Jina na simu ya mwanachama zikae kwenye jedwali la wanachama. Jedwali la michango libebe namba ya mwanachama, tarehe, kiasi na msimbo wa malipo, basi. Mama akibadilisha laini, unarekebisha mstari mmoja. Kwenye lile jedwali refu ungelazimika kurekebisha kila wiki aliyowahi kutoa pesa, na ukiruka moja, tayari una watu wawili pale ambapo kuna mmoja.

Somo la tatu ndilo lililonikalisha usiku. Kwenye safu ya wadhamini, kisanduku kimoja kilikuwa na majina matatu yaliyotenganishwa kwa koma. Hebu jaribu kuuliza jedwali hilo: huyu mama amedhamini mikopo mingapi ambayo haijalipwa? Haliwezi kukujibu, na ni swali ambalo chama lazima kiulize kabla ya kutoa pesa. Tatizo ni kwamba mkopo mmoja una wadhamini kadhaa, na mdhamini mmoja anaweza kusimamia mikopo kadhaa. Haiwezekani kuliweka hilo ndani ya jedwali la mikopo wala la wanachama. Unahitaji jedwali la kati lenye safu mbili tu: namba ya mkopo na namba ya mdhamini. Nilipoliona hilo kwenye karatasi, manze, nilielewa kwa nini kitu hiki kinaitwa hifadhidata ya uhusiano.

Na si mimi niliyegundua kwamba kufikiri hutangulia amri. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, California, alichapisha wazo la kupanga data kwa mahusiano mwaka wa 1970. Kabla ya hapo, programu nyingi zililazimika kujua njia ambayo data imefichwa ndani ya mashine, na mpangilio ukibadilishwa, programu inakwama. Codd alitaka mtu aulize anachotaka bila kujali kimehifadhiwa vipi. Lugha iliyokuja kuwa SQL ilitangazwa na wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, mwaka wa 1974. Yaani wazo lilikuwepo miaka minne kabla ya lugha. Sisi ndio tunafundishana kinyumenyume.

Najua utaniambia akili bandia inaweza kukuandikia majedwali yote kwa sekunde chache. Ni kweli. Lakini haijui kwamba chama chenu kina Mama Brian wawili. Haijui kama mtu akitoka michango yake ya zamani inabaki kwenye rekodi, au kama mkopo unaruhusiwa bila mdhamini. Hayo unayajua ukikaa na watu, ukauliza, ukasikiliza. Na wengine wataniambia Excel inatosha. Sina ugomvi na Excel. Majedwali haya manne unaweza kuyaweka kwenye kurasa nne za Excel, au hata kurasa nne za daftari, na bado yatakuwa nafuu kuliko githeri.

Kwa hivyo kabla ya kulipia kozi nyingine, nenda kwa duka la mtaani uombe kuona jinsi wanavyoandika madeni. Chora majedwali kwa kalamu. Jiulize: kila mstari hapa ni wa kitu gani? Nitautambua vipi bila kutegemea jina? Ni jambo gani nimeliandika mara mbili? Ukiweza kujibu hayo, amri za SQL utazishika wikendi moja. Usipoweza, kuna mama mahali fulani atakosa karo ya mtoto kwa sababu yako, na lawama itaenda kwa mweka hazina.